Mvua za Jumapili za Bi Ushahidi

Mwalimu wa sayansi wa darasa la sita alikuwa na swali moja tu kwa walimwengu. Ukimwambia penseli yako imeibwa, anakuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Ukimwambia mwenzako kakufinya, ushahidi uko wapi? Siku mwalimu wa hesabu alipoingia ofisini analia kwamba mama yake mzazi kalazwa, yeye mdomo ulishafunguka ukafika "Usha—", ndipo akajikanyaga mguu mwenyewe na kusema pole. Basi watoto wakamwita Bi Ushahidi, walimu wakalidaka, na mwishowe hata mume wake, fundi wa injini za malori, akawa analitumia nyumbani akitaka ugomvi.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, miwani iliyofungwa waya upande mmoja na huyo fundi wake, na jambo moja tu la kujivunia duniani: daftari la mvua. Nyuma ya vyoo vya walimu, ndani ya kiuga kidogo cha seng'enge, kilisimama kipima mvua cha shule, bomba la shaba linalokufika gotini, juu lina faneli, tumboni lina chupa. Kila asubuhi saa tatu kamili Bi Ushahidi aliitoa ile chupa, akamimina maji kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, akasoma milimita, akaandika. Miaka kumi na tisa hiyo. Walimu wakuu watatu walikuja wakaenda zao, paa la darasa la nne liling'olewa na upepo mara mbili, yeye na chupa yake wapo tu.

Na kitu alichokichukia kuliko wizi, kuliko matusi ya chooni, kilikuwa kupika matokeo. Aliwahi kumkamata mwanafunzi aliyetakiwa kupima mche wa haragwe kila siku. Mche ulikuwa umekufa Jumanne, lakini kwenye daftari la bwana yule uliendelea kurefuka sentimita mbili kwa siku mpaka Ijumaa. Bi Ushahidi alimpa sifuri, kisha akalitoa darasa zima nje likafanya mazishi ya haragwe, na mpishi wa matokeo akasoma wasifu wa marehemu. Hakuna aliyerudia mchezo ule.

Sasa shika roho yako. Bi Ushahidi mwenyewe alikuwa mpishi wa kutupwa.

Ilianza hivi. Mwezi wa kwanza kabisa alipokabidhiwa kipima mvua, Jumamosi na Jumapili aliziacha wazi, kwa sababu shule imefungwa na yeye anakaa upande wa pili wa mji, nauli mbili kwenda na mbili kurudi. Akapeleka fomu kwenye ofisi ya hali ya hewa. Fomu ikarudi. Juu yake mtu ameandika kwa wino mwekundu maneno mawili: "Jaza zote." Hakusema ajaze nini, wala kwa maji gani. Bi Ushahidi, ambaye wino mwekundu aliupenda pale tu ukiwa mkononi mwake, alitishika, akajaza zote.

Tangu hapo kila Jumapili jioni, akiwa mezani na madaftari ya kusahihisha, na mumewe yuko kwenye sinki anasugua mikono kwa sabuni ya unga na oili haitoki, mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Baba watoto, jana na leo tuweke ngapi?"

"Mwezi wa ngapi huu?"

"Wa nne."

"Mwezi wa nne mvua inanyesha, hilo nalo la kuuliza? Jana weka kumi. Leo weka kumi na mbili."

Kama ni mwezi wa nane, Fundi angesema weka sifuri, kiangazi hicho. Na kwa kuwa alikuwa mtu makini na kazi yake, mara mojamoja aliongeza nusu milimita ili isionekane ya kupikwa. Bi Ushahidi hakuona dhambi yoyote hapo. Aliona ni kama kufagia sebule kabla mgeni hajafika. Na ukifagia miaka kumi na tisa unasahau kabisa kwamba kulikuwa na takataka.

Mwaka huo mtaala ukaleta mada mpya: mabadiliko ya tabianchi, sababu na athari zake. Kitabu kilikuwa na kurasa nne za mada hiyo na picha ya dubu mweupe amesimama peke yake juu ya kipande cha barafu. Watoto ambao barafu wanaijua ya kununua kwenye mfuko wa plastiki walimtazama yule dubu bila huruma yoyote. Mmoja akauliza kama anauma. Bi Ushahidi akafunga kitabu, akamwita mumewe aje na lori.

Fundi akaja na lori bovu la mteja, akaliegesha mbele ya darasa, akakanyaga mafuta. Moshi ukatoka, nakwambia, ukaufunika mlingoti wa bendera. Watoto wakakohoa kwa furaha.

"Huo mweusi mnaouona una ubaya wake," Bi Ushahidi akapaza sauti, "lakini mkosaji mkubwa hamumuoni. Anaitwa hewa ukaa. Anatoka humo humo, na viwandani, na misitu ikichomwa. Anapanda juu, anakaa miaka na miaka. Joto la jua likitaka kurudi lilikotoka, yeye analishika mkono, anasema kaa kwanza. Dunia inakuwa kama mtu aliyeongezewa blanketi na hakuliomba."

"Kwa hiyo mimi ndiye nimeiharibu dunia?" Fundi akauliza kutoka dirishani.

"Wewe na wenzako, baba watoto. Na mimi niliyekuwa nakaa kiti cha mbele."

Watoto wakacheka, lakini kulikuwa na mmoja ambaye hakucheka kwa sababu alikuwa na swali. Huyo walimwita Wakili. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, meno ya mbele yameachana, mama yake mfagiaji wa mahakama. Likizo zote alizimaliza kwenye korido za mahakama akisikiliza kesi za watu, na alikuwa amerudi shuleni na tabia mbaya za mawakili zote, kasoro ada.

"Mwalimu, tumekubali hewa ukaa ipo. Lakini hapa kwetu kuna kilichobadilika? Ushahidi uko wapi?"

Bi Ushahidi alitabasamu mpaka masikioni. Alikuwa ameusubiri mwanya huo miaka kumi na tisa. Alifungua kabati, akatoa madaftari yote ya mvua, akayabwaga mezani vumbi likaruka. "Ushahidi huu hapa! Hali ya hewa ni jana na leo. Tabianchi ni mwenendo wa miaka mingi. Chukueni, choreni grafu, mniambie."

Na hapo ndipo alipojipalia makaa mwenyewe. Darasa lilikuwa na meza saba. Angeweza kuigawa kazi kwa miaka, au kwa miezi. Lakini meza saba, siku saba, ilikuwa rahisi mno. Meza ya kwanza ikachukua Jumatatu zote, ya pili Jumanne zote, hivyo hivyo mpaka ya saba. Wakili alikuwa meza ya saba.

Wiki iliyofuata, Jumatatu, grafu zikabandikwa ukutani. Meza za Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zimechora kitu kimoja. Miaka ya mwanzo, nguzo za mwezi wa nne zimepangana ndefundefu. Miaka ya karibuni mwezi wa nne una kipara. Mvua imesogea mpaka mwezi wa tano, na ikija inakuja kwa fujo, milimita themanini siku moja, halafu wiki tatu hakuna kitu. Bi Ushahidi alisimama pale na chaki mkononi. Zile namba aliziandika yeye, moja moja, kila asubuhi, na hajawahi kuziona zimekaa pamoja.

Halafu akafika kwenye grafu za Jumamosi na Jumapili, akaishusha chaki. Miaka yote kumi na tisa, mwezi wa nne umejaa nguzo, zimelingana kama meno ya kitana. Na ile ya Jumatatu ilikuwa jangwa. Mwaka mzima, msimu au si msimu, Jumatatu karibu haikunyesha kabisa.

"Mwalimu," Wakili akasimama, "Jumapili haijaathirika. Mabadiliko ya tabianchi hayafanyi kazi wikendi."

"Ehee," alisema Bi Ushahidi.

"Tumejadiliana, tumepata sababu. Wikendi malori yamepumzika, viwanda vimefungwa. Moshi hakuna, mvua inarudi. Jumatatu asubuhi watu wote wanawasha injini kwa mpigo, mvua inakimbia. Dawa ni kuifanya wiki nzima iwe Jumapili."

Darasa likapiga makofi. Ilikuwa nadharia ya maana, ina sababu, ina athari, ina grafu. Ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba mvua zile zilinyesha kwenye sinki la jikoni kwake.

Ingekuwa ni darasani tu, labda angeikohoa ikapita. Lakini Ijumaa ya wiki ile alikuwa anakuja mgeni, ofisa wa hali ya hewa, kuchagua shule moja itakayopewa kituo kidogo cha kisasa, kinachopima mvua na joto chenyewe, kina paneli ya umeme wa jua na skrini. Watoto ndio wangemsomea ofisa kazi yao. Mwalimu mkuu alishajenga msingi wa saruji wa kukiwekea kituo, na kabla saruji haijakauka alikuwa ameandika juu yake tarehe na cheo chake kwa msumari.

Jumanne Mkuu akaja kuona grafu, akashika kichwa kwa raha. "Huu ni ugunduzi! Andikeni bango: Jumapili huponya, Jumatatu huua."

Bi Ushahidi akamfuata ofisini, akafunga mlango, akamweleza yote, kuanzia wino mwekundu mpaka sabuni ya unga. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho huku akipanga kalamu zake kwa urefu.

"Mwalimu, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Vizuri. Mimi sijasikia kitu. Wewe Ijumaa nyamaza, waache watoto waongee. Mtoto hashitakiwi."

"Lakini watakuwa wamesimama mbele ya mtu mzima wanasema uongo, na wanadhani ni kweli. Uongo wenyewe wangu."

"Basi si wao walioupika. Saruji imeshakauka, mwalimu."

Alitoka pale maji yamemfika shingoni. Akinyamaza, wale watoto wataondoka darasa la sita wakiamini mvua inaogopa Jumatatu, na Wakili, yule ambaye, katika miaka yote ya ualimu wake Bi Ushahidi, ndiye mtoto wa kwanza kuuliza swali lile kwa nia kama yake mwenyewe, atakuwa amepumbazwa na mwalimu wake mwenyewe. Akisema, jina lake limekwisha. Na kilichomtisha kuliko jina ni kwamba wataacha kuamini na yale ya kweli.

Hata hivyo, binadamu hakosi kutafuta tundu la kutokea. Jumatano akakumbuka mlinzi. Mlinzi wa shule alikuwa mzee mwenye koti la baridi hata kiangazi, jina lake Shwari, kwa sababu kitabu chake cha lindo kila ukurasa kiliandikwa "hali shwari", hata ile wikendi paa lilipoondoka. Huyu wikendi zote yupo shuleni. Labda alikumbuka mvua halisi! Bi Ushahidi akaomba vile vitabu, akafungua mwezi wa nne wa mwaka uliopita, na moyo ukamruka. "Jumamosi. Hali shwari. Mvua kubwa, sikuzunguka." "Jumapili. Hali shwari. Mvua, sikuzunguka." Akafungua mwaka wa nyuma yake. Hivyo hivyo! Kumbe Fundi alikuwa akibahatisha kweli tupu!

"Mzee wangu, Mungu akubariki," alisema, karibu amkumbatie. "Kwa hiyo mvua hizi ulizishuhudia?"

Shwari akatazama viatu vyake. "Mwalimu, unauliza kama mwalimu au kama ofisi?"

"Kama dada yako."

"Kama dada yangu, nilikuwa nimelala. Mwenye kampuni ya ulinzi anataka nizunguke kila saa, na miguu hii haitaki. Mvua ndiyo udhuru pekee anaoukubali."

Bi Ushahidi akakaa chini kwenye tofali. Alipopata pumzi akauliza la Jumatatu, kwa maana hilo lilikuwa linamsumbua kweli, yeye hakulipika. Kwa nini Jumatatu chupa huwa tupu?

"Ile chupa ya kwenye bomba?" Shwari akashangaa. "Si ulinitegea mimi? Maji safi ya mvua, kila wikendi ikinyesha yamekaa tayari. Ndiyo namwagilia pilipili zangu Jumatatu alfajiri. Mbona na wewe nakugawia?"

Na kweli alimgawia. Nyuma ya kibanda cha lindo kulikuwa na mipilipili mirefu inayong'aa, na kila mwisho wa mwezi Bi Ushahidi alirudi nyumbani na mfuko wake, akimsifu Shwari kwa mkono wa baraka. Miaka kumi na tisa alikuwa anakula ushahidi wake mwenyewe, na kuomba nyongeza.

Alicheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, na alipoiokota alikuwa ameshakata shauri.

Alhamisi, saa mbili na nusu, Bi Ushahidi alisimama mbele ya darasa la sita. Nyuma yake kulikuwa na viti viwili vya watoto. Kimoja amekalia Shwari na koti lake. Kingine amekalia Fundi na ovaroli lake, magoti yamemfika masikioni.

"Wanafunzi," alisema, "mvua za Jumamosi na Jumapili kwenye daftari lile hazikunyesha. Nilizipika. Mimi."

Wakili, si kwa ujeuri, lilimtoka tu, akasema, "Ushahidi uko wapi?"

Wachache wakacheka, wakaacha haraka.

"Una haki ya kuuliza," Bi Ushahidi alisema. "Mashahidi hawa hapa. Wahoji."

Basi Wakili akaja mbele. Alitembea kwanza hatua tatu kwenda dirishani na tatu kurudi, alivyoona mahakamani. Akamwanza Fundi.

"Shahidi, unakumbuka kumwambia mwalimu aweke kumi?"

"Nakumbuka. Nimekuwa mtabiri wa serikali miaka yote hii bila mshahara."

"Jibu swali. Ulipomwambia aweke kumi, ulichungulia nje?"

"Nilikuwa naosha mikono."

"Dirisha lilikuwa wapi?"

"Mgongoni kwangu."

"Kwa hiyo kumi ilitoka wapi?"

Fundi akajikuna kidevu, akaacha oili. "Kichwani. Mwezi wa nne si unajulikana? Tangu nazaliwa mwezi wa nne ni mvua. Tulikuwa tunakwenda shule na mifuko ya plastiki miguuni."

Wakili akamgeukia Shwari. "Na wewe shahidi, ulipotaka kulala ungeweza kuandika mvua mwezi wowote. Mbona kila mwaka mwezi wa nne?"

"Mwanangu, nikiandika mvua mwezi wa nane si watanifukuza? Uongo lazima ufanane na ukweli."

"Ukweli upi?"

Wakili akaenda ukutani, akabandua grafu ya Jumanne, akaitandaza sakafuni mbele ya miguu ya wale wazee wawili.

"Hii mwalimu alisoma mwenyewe kwenye chupa. Mwezi wa nne, Jumanne, miaka mitano ya mwisho. Hesabuni mvua."

Fundi akashuka kwenye kiti, akapiga magoti. Kidole chake cheusi kikatembea juu ya karatasi taratibu, kikasimama mara mbili tu. Akarudia toka mwanzo. Darasa zima lilikuwa linamtazama, na utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Hizi ni Jumanne za hapa?"

"Za hapa."

"Mke wangu," alisema, bila kuinua kichwa, "mvua ya mwezi wa nne imeondoka lini?"

"Sijui, baba watoto. Nilikuwa naiandika, sikuwa naisoma."

Na Bi Ushahidi akalia. Usiniulize ushahidi, darasa zima liliona. Alilia kwa aibu, na kwa ile mvua pia, kwa sababu hata yeye mpaka wiki ile, ukimwamsha usingizini ukamuuliza mwezi wa nne ukoje, angekwambia mvua. Watu wazima watatu walikuwa wamedanganya kila mmoja kwa sababu zake, na uongo wao wote ulinyesha kwa wakati, katika mji ambao mvua yenyewe ilishahama.

Wakili hakuridhika. Alibaki amesimama, kidevu kinacheza.

"Mwalimu, na ile ya hewa ukaa? Ya blanketi? Nayo uliipika?"

Hilo ndilo lililomchoma. Alijifuta uso kwa kitambaa cha ubao, akajipaka chaki.

"Hiyo sikuipika. Lakini usiniamini, maana sina tena uso wa kukuambia niamini. Jumanne mpaka Ijumaa nilisimama pale kwa miguu yangu, na maji yapo. Na hata hizo ni za chupa moja nyuma ya vyoo, haziwezi kuisemea dunia. Wapo watu wanapima maelfu ya mahali, miaka mingi, hawajuani, na kila mmoja anamkagua mwenzake aone kama kapika. Ndiyo maana wao wanaaminika. Mimi nilikosa wa kunikagua."

Wakili akasema, "Haragwe lilipewa sifuri, mwalimu."

"Kweli."

Bi Ushahidi akachukua kalamu nyekundu, akaandika sifuri kwenye jalada la daftari lake, kubwa, akaizungushia duara. Kisha wakaketi wote, meza zote saba, wakapiga mstari mwekundu juu ya kila Jumamosi, Jumapili na Jumatatu ya miaka kumi na tisa. Ni siku karibu elfu tatu. Shwari alisaidia. Fundi alichafua kurasa mbili akafukuzwa.

Ijumaa ofisa akaja, mtu mnene mwenye mkoba, miaka michache tu kabla ya kustaafu. Mkuu akamkalisha, akatazama ukutani kutafuta bango lake, halipo. Badala yake kulikuwa na grafu za siku nne zilizoandikwa "Mvua Zinazonyesha", na kando yake zile za wikendi zimeandikwa "Mvua Tunazozikumbuka". Wakili akaeleza yote, sababu na athari, na uongo nao, bila kumruka mtu. Alipofika kwenye mwanzo wa kadhia akatoa ile fomu ya zamani, mwalimu alikuwa ameitunza, akampa ofisa mkononi. "Jaza zote," wino mwekundu.

Ofisa aliutazama ule mwandiko kwa muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyohitaji. Akakohoa. Akairudisha bila kuuliza ni nani aliandika.

"Kazi nzuri," alisema. "Kazi nzuri sana. Tatizo, masharti yanataka shule yenye kumbukumbu kamili."

Kituo cha kisasa kilikwenda shule ya ng'ambo ya barabara kuu, ambayo daftari lake halikuwa na pengo hata moja, wikendi zote zimejaa vizuri. Msingi wa saruji ulibaki pale na cheo cha Mkuu juu yake, na watoto wakaugeuza jukwaa la kuchezea kesi. Mkuu hakumsemesha Bi Ushahidi muhula mzima, jambo ambalo walimu wengine walimwonea wivu.

Jumapili iliyofuata, saa mbili asubuhi, Fundi alishangaa kumkuta mkewe amevaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kusoma chupa."

"Nauli mbili kwenda na mbili kurudi, ukasome chupa?"

"Ndiyo."

Akanung'unika, akavaa viatu na yeye. Njia nzima alilalamika, mara joto, mara kiti, mara dereva hajui gia. Walipofika, Shwari aliwafungulia geti akiwa na uso wa msiba. Mipilipili ilikuwa imelegea majani.

"Sijagusa chupa, mwalimu. Naapa. Lakini hizi zinakufa."

"Mwagilia ya bomba, mzee wangu."

"Bomba halitoki toka Alhamisi."

Saa tatu kamili Bi Ushahidi akaingia kwenye kiuga cha seng'enge, akatoa chupa, akaigeuza juu ya bilauri. Akasubiri. Akaitikisa. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa mwezi wa nne, akashika kalamu, na mdomo, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, ukamponyoka.

"Baba watoto, leo tuweke ngapi?"

Fundi naye, kwa mazoea yale yale, alishafungua kinywa, kumi iko tayari ulimini. Akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, hakuna wingu hata la kuazima. Akaichukua chupa kutoka mkononi mwa mkewe, akachungulia ndani kwa jicho moja kama anavyochungulia tangi la mafuta, akapitisha kidole chake cheusi kwenye mdomo wa chupa, akakitazama. Kikavu.

"Weka sifuri," alisema.